Kivuli cha Mkono wa Kioo

Gari la baba ni Corolla ya mwaka 1972, na vioo vyake hupandishwa kwa kuzungusha mkono ulio mlangoni mpaka leo. Tulipoamua kulirudisha katika hali yake ya zamani, kazi ya milango niliichukua mimi. Mbao za ndani zilikuwa zimevimba na kumeguka sehemu ya chini. Mvua inaponyesha, maji hushuka kandokando ya kioo, yakaingia ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Kinachoukinga ubao ni nailoni inayobandikwa nyuma yake, na ya kwetu ilikuwa imechanika zamani.

Ubao hautoki kabla mkono wa kioo haujatoka, na mkono wenyewe hauna skrubu. Umebanwa na klipu ndogo ya waya wa springi, yenye umbo la kiatu cha farasi, iliyojificha kati ya mkono na ubao. Nilipitisha kitambaa nyuma ya mkono nikawa nakivuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu, mpaka nyuzi zikanasa ncha za klipu na kuitoa. Kiganja cha pili kiwe kimekinga hapo hapo. Klipu ikichomoka huruka, na ukiipoteza kazi imesimama.

Mbao mpya tulizikata kwa kufuata zile za zamani, tukazivisha leza, yaani ngozi ya bandia, ya rangi ileile. Nailoni nayo nikaibandika upya. Hayo yote yalikwenda vizuri. Kilichobaki ni kurudisha mikono, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Shafti inayotokeza mlangoni ina meno madogo pande zote, na mkono una meno ya kuyapokea. Kwa hiyo unaweza kuuvika ukitazama popote: juu, chini, mbele, nyuma. Kioo kitapanda na kushuka vilevile. Lakini aliyeketi ndani atajua tofauti. Ukiuvika vibaya, kioo kikiwa kimefungwa mkono utakuwa umemlalia mtu gotini, au vidole vitakwaruza sehemu ya kuegemeza kiwiko pale anapomalizia kufunga, na mzunguko wa mwisho ndio unaotaka nguvu kwa sababu kioo kinaingia kwenye mpira. Tena mikono ya milango miwili inatakiwa itazamane kama mtu na sura yake kwenye kioo. Gari ambalo mkono mmoja umeinuka na mwingine umeinama linaonekana limeguswa na mtu mwenye haraka.

Sikutaka kubahatisha. Nikaziendea mbao za zamani, ambazo nilikuwa nimezisimamisha ukutani, nikazitoa kwenye mwanga. Leza ilikuwa imepauka kwa jua, isipokuwa mahali pamoja. Kuzunguka tundu la shafti palikuwa na duara la rangi nzito, mahali palipokaa washa ya plastiki, na kutoka kwenye duara hilo ukatokeza mstari mnene wenye umbo la mkono kamili, mpaka na kirungu chake mwishoni. Ni kivuli kilichoandikwa na jua kwa miaka. Nilipitisha kidole juu yake. Leza ilikuwa laini pale, na pembeni yake ilikuwa ngumu, yenye nyufa.

Nilifurahi sana. Niliona nimepata ushahidi usiobishiwa. Kivuli cha upande wa abiria kilielekea mbele, kimeinuka kidogo. Cha upande wa dereva kilisimama karibu wima. Kutofautiana huko kulinishangaza, lakini nikajiambia ndivyo gari lilivyotoka kiwandani, labda kumpa dereva nafasi. Nikapandisha vioo mpaka juu kabisa, nikavika klipu kwenye mfuo wa kila mkono, nikaulinganisha na kivuli chake, nikausukuma kwa kiganja mpaka ukalia *ta!*

Jioni baba akaja. Akakaa kwenye kiti chake, akafunga mlango, akanyoosha mkono wa kulia bila kutazama. Akazungusha mara moja, robo tu, akaacha. Kirungu kikaja nyuma kikamgusa paja. Akakitazama.

"Huu mkono siyo mahali pake, mwanangu."

Nikamwambia nimefuata alama za mbao za zamani, nikaenda kumletea ubao. Akauweka magotini, akaangalia kile kivuli kimya kwa kitambo.

"Alama ni ya kweli," akasema. "Lakini gari hili halijawahi kushinda juani kioo changu kikiwa kimefungwa. Nilikuwa nakiachia kidogo, joto litoke."

Nilikumbuka papo hapo. Enzi za utoto wangu, wingu likitanda tu, sauti yake ilitoka ndani: "Kafunge kioo cha gari!" Nami nilikimbia, nikafungua mlango, nikazungusha robo, nikarudi. Nimefanya hivyo mara zisizohesabika. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa ukiijua ile robo, na bado nilikitazama kivuli nisione kinasema nini. Upande wa abiria kioo kilikuwa kinafungwa kabisa kila siku, kwa hiyo kivuli chake kilionyesha mkono wa kioo kilichofungwa. Cha dereva kilionyesha mkono wa kioo kilichoachiwa upana wa kidole kimoja na nusu.

Nikachukua kitambaa, nikaitoa klipu tena. Safari hii nilimwomba baba aniambie ni kiasi gani. Nikageuza shafti kwa koleo lililofungwa kitambaa, polepole, kioo kikawa kinashuka, mpaka akaingiza kidole chake kwenye uwazi ule akasema, "Hapo." Nikauvika mkono wima, sawasawa na kivuli. Nikaona ncha imepita kidogo mbele. Nikautoa, nikasogeza jino moja, nikaurudisha. Ukalia.

Kisha nikauzungusha kufunga. Kioo kikapanda, kikaingia kwenye mpira, mkono ukaja mbele ukasimama ukiwa umeinuka kidogo. Nikainama kutazama mlango wa abiria. Ilikuwa ileile pembe, imetazamana na mwenzake bila kosa.

Baba alijaribu mara mbili, chini mpaka mwisho na juu mpaka mwisho, macho yake yakiwa mbele kama anayeendesha. Kirungu kilimkuta kiganjani kila mara. Alipotoka alirudisha robo, akaacha uwazi wake, akafunga mlango. Ule ubao wa zamani hakunirudishia. Aliubeba kwapani akaingia nao ndani.