Pasipoti mbili, na kadi za harusi za mama

Kirumba nzima, hapa Mwanza, ni wanasheria. Tangu wajue nimeapa kuwa raia wa Uingereza na pasipoti yangu ya Kenya bado ninayo, kila nikija kwa mama napewa ushauri na watu ambao hata fomu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, walijaziwa. Mmoja anataka niifiche ya Kenya chini ya godoro. Binamu yangu mwenye duka la nyavu Mwaloni anasema nichukue na ya Tanzania ziwe tatu, "umekulia hapa, nani atakuuliza?" Kuna na kishoka mmoja wa Kisumu aliyetaka laki kadhaa anitengenezee "barua ya ruhusa ya uraia pacha". Barua hiyo haipo popote duniani.

Nieleze mara moja nipumzike. Nilizaliwa Kisumu, wazazi wote wawili Wakenya. Baba alihamia Mwanza kufuata biashara ya sangara nikiwa mdogo, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha huku, lakini makaratasi yangu yote ni ya Kenya. Hilo ndilo lililonibeba. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 16, inasema aliye raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Uingereza nayo haikudai niuache wa zamani. Pande zote mbili zimekubali, sasa nifiche nini?

Ningekuwa Mtanzania ingekuwa habari nyingine kabisa. Sheria ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa nje kwa hiari yako, wa Tanzania umeuaga. Mtoto anaweza kuwa nao, akifika miaka 18 anatakiwa achague. Na hadhi maalumu ya diaspora inayozungumzwa sana si uraia, msichanganye. Shoga yangu niliyesoma naye sekondari hapa Mwanza ni nesi kama mimi, tena kule Uingereza tunaishi jirani. Yeye amebaki na ukaazi wa kudumu, kuapa hataki, kwa sababu ana kiwanja Buswelu, na asiye raia hamiliki ardhi Tanzania hivi hivi tu. Binamu anamwita mwoga. Mimi namwona ana akili kuliko sisi wote.

Mtihani wa maisha ya Uingereza haukunisumbua: maswali 24, dakika 45, ukipata 18 umefaulu. Wake sita wa mfalme Henry wa Nane nilikariri kwenye basi la kwenda zamu. Wadhamini wawili nikawapata kazini. Ada ndiyo iliniuma, maombi peke yake yanapita pauni 1,500, achilia mbali nilichokuwa nimeshalipia ukaazi wa kudumu mwaka mmoja na ushee kabla. Ukizigeuza kuwa shilingi unaweza kuugua.

Kilichonitoa jasho ni siku. Kwa njia ya miaka mitano, hutakiwi kuwa umekaa nje ya Uingereza zaidi ya siku 450 katika miaka hiyo, wala zaidi ya 90 katika miezi 12 ya mwisho. Tena siku ile ile, miaka mitano nyuma kabla maombi hayajawafikia, uwe ulikuwa ndani ya nchi yao. Fomu inadai kila safari: umetoka lini, umerudi lini, ulikwenda wapi.

Mimi sasa nina nyumbani kuwili, Mwanza na Kisumu. Msiba huku, naenda. Sendofu kule, naenda. Uingereza hawagongi muhuri unapotoka, na mihuri yangu ya mpakani Sirari imegongwa mmoja juu ya mwingine, tarehe huoni. Tiketi nyingi zilitumwa kwenye barua pepe ya kazi niliyokwisha kuiacha. Mkenya mwenzangu wa wodini akaniambia, "Kisia tu, hawahesabu." Wanahesabu. Taarifa za abiria mashirika ya ndege huwapelekea, na ukikutwa umedanganya kwenye fomu, tatizo lako si siku tena.

Nikampigia mama.

"Mama, harusi ya mtoto wa mama mdogo ilikuwa lini?"

"Wakati wa mvua."

"Mvua ya mwaka gani?"

"Mwaka ule ziwa lilipanda, maji yakaingia Mwaloni."

Ziwa lilipanda 2020, likapanda tena 2024. Lakini mvua za 2020 zilikuta ndege zimesimama kwa sababu ya korona, nisingeweza kuja. Kwa hiyo 2024. Nilijiona mpelelezi wa kimataifa. Ndipo mama akasema, kama jambo dogo, "Si uangalie kwenye kadi?"

Mama hatupi kadi ya mchango. Zote ziko kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati: harusi, sendofu, kipaimara, jubilei za ndoa. Anazitunza kwa sababu ya deni, maana aliyemchangia lazima amchangie. Nyuma ya kila moja anaandika kwa kalamu ya bluu nani katoa nini. Mpwa wangu akazipiga picha zote akanitumia kwa WhatsApp, kidole gumba cha bibi yake kimejitokeza pembeni ya kila picha. Kadi ya dhahabu ya sendofu ya Nyamanoro, ya watu wawili, ina tarehe mbele, na nyuma imeandikwa: "Nimepunguza 50, bado 30. Nesi yupo. Kaja Alhamisi. Katoa laki. Kaondoka Jumatatu alfajiri kabla ya kuosha vyombo." Mstari wa vyombo ulikuwa wa kunisema, lakini tarehe zangu zote mbili zilikuwa hapo! Kadi baada ya kadi nikapanga safari zangu, nikazilinganisha na mihuri iliyosomeka, zikakubaliana. Wanasheria wa huko wanalipisha pesa nyingi kwa kazi hiyo, mama yangu aliifanya kwa ajili ya madeni ya ubwabwa.

Na kitu ambacho hakuna mshauri hata mmoja aliyeniambia: siku ya kutoka na siku ya kurudi hazihesabiwi. Wanahesabu siku nzima tu ambazo hukuwepo. Kwa mtu mwenye safari nyingi fupi, hizo ni siku za bure. Hata hivyo mwaka wa mwisho ulikuwa umebana kwa sababu ya matanga ya baba, ikabidi nikose harusi moja ya Desemba. Shangazi akatangaza kwenye kundi la ukoo kwamba nimekuwa Mzungu, hata kabla sijawa.

Kuapa kwenyewe ni dakika chache, ukumbini kwa halmashauri, utii kwa Mfalme Charles. Nilitaka kucheka. Nimekulia mji ambao Speke alifika 1858 akaliona ziwa na kulibandika jina la malkia wao, sasa nimeenda mwenyewe kumwapia kizazi chake, tena nimelipia.

Jambo ambalo Wakenya wengi wanalipuuza: sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inakutaka uitangazie Kenya uraia wako wa pili ndani ya miezi mitatu. Usipofanya hivyo ni kosa, faini inaweza kufika shilingi milioni tano za Kenya, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote. Na wewe umeificha chini ya godoro! Majina nayo Uingereza inataka yafanane katika pasipoti zote mbili. Jina la ndoa sikuwahi kuliingiza kwenye ya Kenya, nikabaki na la baba kote. Mashemeji walinuna, watazoea.

Zote mbili ni za bluu, kwa hiyo ya Kenya nimeivalisha kava la kitenge nisichanganye. Nikipita mipaka ya huku natoa ya kitenge, siombi visa, wakati Mwingereza wa kawaida hulipa dola 50 kuingia Tanzania. Kwenye kaunta ya ndege ya London natoa ile nyingine, maana visa ya Uingereza sina wala sistahili kuomba. Unatoka nchi kwa pasipoti uliyoingilia, basi.

Safari iliyopita, Sirari, afisa aliniuliza kama nina pasipoti nyingine. Nikasema ninayo, ya Uingereza, nikamwonyesha. Akaitazama, akanirudishia, akagonga ya Kenya. Kondakta wa basi alikuwa ameona kila kitu. Alinifuata hadi mlangoni.

"Dada, mimi Mkurya wa Tarime, lakini bibi yangu ni wa Isebania upande wa pili. Na mimi siwezi?"

Nikamuuliza wazazi wake ni raia wa wapi, na yeye mwenyewe alizaliwa upande gani. Akaanza kunitajia ukoo wote, wa huku na wa kule, mpaka dereva akapiga honi.