Siku yangu moja na mageti ya mbao

Saa 12 asubuhi karakana imeshafunguliwa, nami nachagua mbao. Wengi hudhani kazi ya geti huanza kwenye msumeno. Geti bovu huanzia hapa, kwenye ubao uliochukuliwa bila kutazamwa. Nashika ubao mmoja mmoja, nafumba jicho moja, nautazama kwa urefu kutoka ncha hadi ncha. Uliojisokota nauondoa, maana hata ukiubana kwa nguvu kwenye fremu, siku moja utaivuta fremu nzima. Wenye kiini cha mti katikati nao nauweka kando, kwa kuwa ukikauka utapasuka. Iliyobaki naipima unyevu, na ikizidi asilimia 15 hairuhusiwi kuingia kwenye fremu. Ubao mbichi ukikauka husinyaa kwenye upana, huku urefu ukibaki karibu vilevile. Basi kiungo kilichobana leo, baada ya miezi michache kinacheza.

Saa 1 mpaka saa 4 ni randa, patasi na vumbi.

Saa 4 na nusu nabana fremu. Sitegemei misumari kwenye kona. Nachonga ulimi upande mmoja, natoboa tundu lake upande wa pili, napaka gundi inayovumilia maji, vinaingiana kwa kugongwa nyundo taratibu. Kisha nashika futi. Geti la leo lina upana wa sentimita 90 na urefu wa 120, kwa hiyo kutoka kona hadi kona lazima isome 150, pande zote mbili. Upande mmoja umesoma 150 na milimita 4, mwingine umepungua kiasi hichohicho. Nimelegeza vibanio, nikasukuma kona iliyochomoza, nikapima tena mpaka zikalingana. Mteja hataiona kazi hiyo hata akisimama mbele ya geti mchana kutwa, lakini nikiiruka, komeo halitakutana na tundu lake.

Saa 5 na nusu nikaenda kwa mzee mmoja aliyeniita kurekebisha geti lililoshuka. Nilipanga kumaliza kwa saa moja.

Nilimkuta amesimama na bawaba mpya mkononi, kubwa na nzito. "Fundi, bandika hizi tu, nipumzike na hili geti." Nikamwomba anipe dakika chache nilitazame. Kona ya mbali ilikuwa inaburuza chini na imechora nusu duara kwenye udongo. Mtu alishakata ubao wa chini kwa msumeno ili lipite, na likaendelea kushuka. Bawaba za zamani zilikuwa nzima kabisa.

Ubovu ulikuwa kwenye ubao wa mshazari. Aliyelitengeneza aliuanzisha juu upande wa bawaba, akaushusha mpaka kona ya chini upande wa komeo. Ukiwekwa hivyo, uzito wa geti unauvuta, na kinachoshikilia ni misumari peke yake. Misumari ilikuwa imeng'oka nusu na matundu yake yamerefuka. Ubao unatakiwa kusukumwa: mguu wake ukae chini kwenye bawaba, kichwa chake kibebe kona ya juu ya upande wa komeo, na ncha zote mbili zikatwe ziketi barabara ndani ya kona. Hapo uzito unateremka kwenye ubao mpaka bawaba ya chini, kisha kwenye nguzo. Ukitumia waya wenye kikaza, yaani skrubu ya kuukaza, badala ya ubao, huo ndio hupita ule mshazari mwingine, kwa sababu waya hauwezi kusukuma, huvuta tu.

Nilimweleza, hakukubali. "Kijana, hilo limefungwa hivyo miaka." Nikachukua fito nne, nikazipigilia mraba, msumari mmoja kila kona, nikampa ashike upande mmoja. "Mzee wangu, kandamiza hapo mwisho." Akakandamiza, mraba ukalala. Nikaukata ufito wa tano, nikauchomeka kwa namna nilivyomwambia. Akakandamiza tena, safari hii kwa mikono miwili, haukutikisika. Akaugeuza akautazama kwa nyuma, akaweka bawaba zake chini.

Nikadhani tumemaliza maneno. Nilipoiwekea nguzo timazi, juu ilikuwa imeinama sentimita 3 kuelekea geti. Bawaba ya juu huvuta nguzo na ya chini huisukuma, saa zote, hata geti likiwa limefungwa. Nguzo hii ilikuwa imefukiwa kidogo mno, nikaing'oa bila hata kutumia mtaimbo. Nguzo mpya inasimama sentimita 150 juu ya ardhi, kwa hiyo nilitaka 75 ziwe chini, theluthi moja ya urefu wake wote. Udongo ulikuwa mgumu na umejaa mawe. Jua lilikuwa utosini, sululu inaruka, na mzee anauliza kila baada ya muda kama bado. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa ananyamaza kwa uchovu. Tukamwaga kokoto chini ili maji yapate pa kwenda, tukasimamisha nguzo, tukaishikiza kwa mihimili miwili, tukajaza zege na kuliinua kidogo juu ya ardhi ili mvua iteremke mbali na mbao.

"Sasa litundike."

Nikamwambia hapana. Zege la leo kesho litaonekana gumu, ila bado ni changa. Nguvu zake hupimwa baada ya siku 28, na mimi situndiki geti zito kabla ya wiki. Akasema fundi mwingine angetundika. Kweli angetundika. Nikamwambia nguzo ikihama leo hata milimita chache, hakuna mtu atakayeirudisha bila kuvunja. Tukabishana mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia. Mwishowe tukaegesha geti la zamani likazibe pengo, nikalifunga kwa kamba.

Sikumbuki niliangalia saa lini tena. Karakanani nikapaka rangi ya kwanza kwenye mbao za fremu ya kesho, pande zote sita, na ncha mara mbili, kwani ncha ndizo zinazokunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukipaka uso wa mbele tu, nyuma inavuta unyevu, mbele haivuti, na ubao unapinda. Mabega yalikuwa yanauma, lakini rangi haingojei fundi apumzike.

Simu ikaita. Mzee anauliza kama naweza kuja kesho kufunga bawaba zake, ameshaligusa zege na ni kavu. Nikamwambia, mzee wangu, wiki ijayo, na bawaba nitaziweka hizohizo zako, ila kwa bolti zinazotokeza upande wa pili wa nguzo.