Mungu Alianza na Mwili wa Elia

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Usiku wa manane nashtuka, moyo unakwenda mbio, taya zimekazana, ngumi nimezikunja kana kwamba kuna wa kupigana naye humo chumbani. Nakariri Zaburi ya 23 yote. Nayaamini ninayoyasema, lakini mwili bado uko vitani.

Ndipo nikarudi kwa Elia, 1 Wafalme 19. Mnajua alikotoka: mlima Karmeli, moto wa Mungu umeshuka, mvua imenyesha. Kisha malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa kutishia kumwua, na nabii aliyewakabili manabii 450 wa Baali anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Hebu tazameni Mungu alivyomhudumia. Elia analala. Malaika anamgusa. Anamgusa, jamani! Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anajilaza tena, wala hakemewi. Anaguswa mara ya pili, ale tena, kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Lile swali, "Unafanya nini hapa, Elia?", anakuja kuulizwa kwenye mlima Horebu, baada ya siku 40.

Anatujua umbo letu, inasema Zaburi 103:14, maana ni Yeye aliyelifanya. Panapokuwa na hatari, sehemu moja ya mfumo wa neva inauamsha mwili: adrenalini inamwagika, mapigo yanaongezeka, damu inaelekea kwenye misuli, tumbo linapunguza kazi. Sehemu nyingine kazi yake ni kutuliza, na humo imo neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Huwezi kuuamuru moyo utulie kama unavyouamuru mkono uinuke. Lakini pumzi unaweza kuiongoza, na ukiitoa polepole, neva hiyo hupunguza mapigo.

Sasa niseme na sisi tunaohudumia, na niseme wazi. Dada anatetemeka, tunamzunguka watu watano, tunampazia sauti sikioni, "Hofu, toka!" Mwili ambao tayari umehisi hatari unazidi kupigiwa kelele. Asipotulia, tunanong'ona kwamba hana imani, na Wafilipi 4:6, "Msijisumbue kwa neno lolote," tunaigeuza fimbo. Tuache! Gethsemane Bwana wetu alikuwa na huzuni kiasi cha kufa, jasho lake likawa kama matone ya damu, na hakutenda dhambi. Alichowaomba rafiki zake ni wakae pale wakeshe pamoja naye. Basi keti karibu na huyo dada. Sema kwa sauti ya chini. Mletee maji, muulize kama amekula, kama amelala. Muulize pia kabla ya kumshika mkono, maana aliyewahi kuumizwa, mguso wa ghafla unaweza kumrudisha kule kule alikotoka. Kisha ombeni, na wala msimharakishe.

Mimi usiku naketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili sakafuni, kiganja kifuani. Navuta pumzi puani na nusu ya kwanza ya Zaburi 4:8, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara," kisha naitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta, na ile iliyobaki: "Maana Wewe, Bwana, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Narudia mpaka nihisi mabega yameshuka. Kuna usiku yanachelewa, naendelea.

Na wewe ambaye hofu imekukalia muda mrefu, huli, hulali, au umefika pale alipofika Elia pa kutamani kufa, usilifiche. Mwone daktari au mshauri nasaha, na mapema. Maombi hatutayaacha. Kama kwenda peke yako kunakutisha, niambie, nitakusindikiza.