Mapaa ya Kariakoo kwa rangi za maji: bati lenye kutu limekubali

Hatimaye paa la nyumba ya Mtaa wa Sikukuu limekaa kwenye karatasi kama nilivyolijua nilipokuwa nikiishi Kariakoo, na ninaandika sasa kabla hatua zenyewe hazijanitoka. Kuta, baraza na milango vilikamilika zamani. Bati ndilo lililonigomea, na bila bati hakuna nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, kwa kuwa anayeitazama kutoka ng'ambo ya barabara huona paa karibu sawa na anavyoona ukuta.

Ugumu ni huu: ukichora migongo ya bati mstari kwa mstari, paa linageuka kitambaa cha mistari, ukiiacha, linakuwa bapa, lisilo na chuma ndani yake. Rangi hazikuwa tatizo. Altramarini, yaani buluu nzito, na siena ya kuchomwa, kahawia ya udongo, zikichanganywa hutoa kijivu ambacho chembe zake hutua katika vishimo vya karatasi, nayo kahawia-nyekundu ninayoitumia imetengenezwa kwa oksidi ya chuma, yaani asili yake na ya kutu yenyewe ni moja. Kilichokuwa kikikosekana ni kujua kutu inaanzia wapi. Huanzia pale zinki ilipokwisha, hasa kwenye matundu ya misumari na pale bati moja linapolalia jingine, kisha mvua huishusha kufuata mabonde hadi ukingoni.

Kwa hiyo sasa ninalaza kwanza tabaka moja jepesi la kijivu juu ya paa zima, na likiwa bado na unyevu ninadondosha kahawia kwenye safu za misumari tu, huku nimeinamisha ubao ili rangi ishuke yenyewe. Likikauka, ninapitisha ubavu wa brashi isiyo na maji mengi kuelekea chini, nayo migongo inajitokeza hapa na kupotea pale. Mawimbi ya bati ninayachora kwa ukamilifu mahali pamoja pekee, kwenye ukingo wa paa, ambapo jicho huyaona waziwazi. Mwanga nao nimeuhamishia saa kumi na moja jioni, kwa sababu jua la adhuhuri la Dar es Salaam huwa karibu utosini na kivuli cha migongo kinakuwa hafifu mno.

Neno kuhusu kukausha: katika hewa yetu yenye unyevu, hasa wakati wa masika, karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba huonekana kavu juu ilhali ndani bado ina maji, na tabaka la pili likiwahi huacha madoa yenye kingo zilizochanika. Ninaipima kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya baridi, ninasubiri. Kikausha nywele sikipendi kabisa, kwani husukuma rangi mbichi na kuvuruga zile chembe. Feni ya mezani iliyowekwa mbali inatosha. Brashi ya manyoya ya kindi hubeba maji vizuri kwa tabaka la kwanza, lakini kwa kazi ya ubavu ile ya nyuzi za viwandani ina ukakamavu unaotakiwa, tena kwa bei nafuu.

Mpango ulikuwa kuendelea na jengo la soko, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, pamoja na mapaa yake ya zege yaliyopindwa. Nimeliweka kando. Baada ya bati kukubali, nimeanza kuzichora nyumba chache za chini zilizosalia kama zinavyoonekana kutoka ghorofa za jirani, kwa kuwa tulioishi humo hatukuwahi kuyaona mapaa yetu kutoka juu, na sasa yamezungukwa na maghorofa pande zote. Kutoka juu ukingo wa mawimbi hauonekani, kwa hiyo migongo yote italazimika kubebwa na kutu na vivuli vya maghorofa hayo. Karatasi ya kwanza imeshabandikwa ubaoni, na nitaanza na kivuli.