Forester yangu hatimaye haikauki kwenye busti (kumbe yote hii ni maji ya samaki)

Aisee leo alfajiri, kabla malori ya simenti hayajajaa barabara ya Muheza, nimevuta gea ya tatu toka mizunguko 2,500 mpaka 6,500, busti (hewa inayosukumwa na tabo) bari 1.1, na waidibendi, kile kipimo cha hewa kwa mafuta, imekaa 11.4 mwanzo mwisho (namba ikipanda ndiyo kukauka, mafuta hayatoshi). Haijacheza. Nikapaki pembeni nikafungua laptopu nikaangalia ule mstari kama dakika tano hivi peke yangu, mpaka jamaa wa bodaboda akasimama kuniuliza kama nimeishiwa mafuta.

Wiki tatu hizi. Wenyewe wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila hili tatizo la kukauka lilikuja likapanga chumba na kodi halilipi.

Kwa wanaofuatilia, gari ni ileile Subaru Forester SG5, injini ya EJ20 ya kwake, tabo ya STI (Subaru ya mbio), injekta kubwa za kurushia mafuta, pampu ya lita 255 kwa saa. Chini inakwenda vizuri tu, ikiunguruma imesimama safi, kutembea mjini 14.7 bila shida. Ukiibana, mpaka mizunguko elfu nne iko poa, halafu ikifika kama 4,800 namba inaanza kupanda, 12, 12.5, 13.2, hapo busti imejaa, na mimi mguu natoa haraka maana kila mtu mwenye EJ20 anajua pistoni zake zinavyokatika ukiichezea kavu. Wala haikuwa inanoki (kugonga ndani ya injini) kwa sauti, na ndicho kilichoniogopesha zaidi.

Nikafanya kosa ambalo nawacheka wengine wakilifanya. Nikaongeza mafuta kwenye ramani, yaani jedwali la kompyuta ya gari linaloamuru mafuta kiasi gani. Asilimia 5, namba ileile. Nikaongeza tena, ileile, nikafika asilimia 18 na injekta zinafunguka asilimia 88 ya muda na bado 13.2! Sasa hapo ndipo ningetakiwa nishtuke, kwa sababu ukiamuru mafuta zaidi na hayaji basi ramani haina kosa, mafuta hayafiki. Badala yake nikasafisha sensa ya hewa mara mbili, nikabadili chujio, nikapuliza moshi kutafuta mipira inayovujisha busti, nikakaza gasketi ya eksosi nikidhani waidibendi inavuta hewa ya nje. Injekta nikazipeleka kuoshwa, zikarudi zinamwaga sawasawa zote nne. Hela imekwenda.

Geji ya presha ya mafuta ndiyo ilinifungua macho. Nilikuwa nimepima gari ikiwa imesimama tu, ukichomoa kimpira cha vakyumu cha regyuleta (inayoshika presha ya mafuta) inasoma bari 3 kamili, nikajiridhisha. Safari hii nikaunga mpira mrefu wa mafuta wa maana, geji nikaibana nje kwenye kioo cha mbele (usilete geji ya mafuta ndani ya gari, tafadhali), mdogo wangu akakaa pembeni anairekodi na simu. Regyuleta inatakiwa ipandishe presha sawa na busti, yaani 3 jumlisha 1.1, tuone 4.1. Video inaonyesha 2.7. Yaani injekta inasukumana na bari 1.1 ya busti huku nyuma yake kuna 2.7 tu, imebaki 1.6 ya kurushia mafuta badala ya 3. Na kila nilivyoongeza kwenye ramani ndivyo presha ilivyozidi kushuka, nilikuwa nachota kisima kilichokauka.

Moja kwa moja nikasema pampu feki. Nikampigia aliyeniuzia kule Dar, nikamwambia maneno ambayo sasa natafuta namna ya kuyarudisha.

Maana Jumamosi nikampelekea gari mzee mmoja fundi umeme hapa Ngamiani. Namwonyesha mita yangu ya digitali, nimechomeka kwenye soketi ya pampu huku imechomolewa, inasoma volti 12.4, namwambia umeme upo mzee wangu. Akacheka. "Mwanangu, hiyo mita haibebi mzigo." Akatoa balbu ya taa ya mbele, H4, miguu yake ameiunga waya mbili na klipu, akaichomeka palepale pa pampu. Ikawaka kama kibatari. Nyekundu, unaweza kuihesabu nyuzi. Halafu akatoa klipu ya negativu pale akaipeleka moja kwa moja kwenye betri kwa waya mrefu, balbu ikafumuka nyeupe tukafumba macho. Hakusema neno, akanipa spana namba 10.

Tukang'oa zulia la buti. Wallahi harufu ikatoka. Mwenye gari wa kwanza alikuwa anabeba vibua na barafu toka soko la samaki la Deep Sea, hilo nililijua wakati nanunua na ndiyo maana nilipunguziwa bei, ila sikuwahi kufikiria maji ya chumvi yale yalikwenda wapi. Yalikwenda kwenye bolti inayofunga negativu ya pampu kwenye bodi. Ungaunga wa kijani na mweupe umeizunguka kama ukoko wa wali, na nilipoivuta ile waya ikabaki na nyuzi tatu mkononi. Baadaye nilipima pampu ikiwa inafanya kazi, kutoka negativu yake mpaka betri zilikuwa zinapotea volti 2.1. Na hizo ni ndogo, gari ikiwa imesimama. Presha ikitakiwa kupanda pampu inadai umeme zaidi, na pale ndipo inapokosa.

Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, kichwa kipya cha waya, grisi juu. Halafu nikavuta waya mpya wa milimita 4 toka betri na relei yake (swichi ya umeme) na fyuzi ya ampea 20, positivu na negativu zote, sitaki tena kusikia.

Nikasahau kitu kimoja. Ramani bado ina ile asilimia 18. Mvuto wa kwanza gari ikasoma 9.7, ikatoa moshi mweusi nyuma kama basi bovu. Nikarudisha ramani ya zamani, ileile ya wiki tatu zilizopita ambayo haikuwa na kosa lolote, na ndiyo hiyo imenipa 11.4 leo.

Mita siitupi lakini balbu nimeshajitengenezea, shilingi elfu chache, kila mtu anayegusa umeme wa gari awe nayo.

Wiki hii nilipanga kufunga kidhibiti cha busti. Ila nilipokuwa narudisha spana stoo nikaikuta ile chupa ya maji ya kupulizia intakula (kipoza hewa ya tabo) niliyotoa kwenye STI, na joto hili la Tanga, basi kidhibiti kitasubiri. Pampu yake nimeitesti na betri, iko hai, inarusha maji mpaka kwenye kamba ya jirani, naye kashasema nikirudia mashuka nitayafua mimi.