Suruali ya Kijivu

Jumamosi tulikuwa Kamukunji kununua sanduku la bati. Mnazijua kelele za pale, nyundo juu ya mabati kutoka asubuhi hadi jioni, mpaka bei unatajiwa kwa vidole. Fundi alikuwa anajaribu komeo, na kijana wangu akanisogelea sikioni: "Mama, kule nani ananijua?" Anaingia Gredi ya 10, shule ya bweni, mbali na Nairobi. Nililipa, tukabeba sanduku hadi steji, na njia nzima nilikuwa namfikiria mjomba wake.

Ilikuwa 2003. Nchi nzima ilizungumza habari za shule za msingi za bure, lakini kwetu gumzo lilikuwa moja tu: mdogo wangu ameitwa shule ya bweni, Kidato cha Kwanza. Mama alitoa akiba yake ya chama cha akina mama, akamnunulia sare Uhuru Market. Katikati ya muhula akarudi likizo fupi, amekonda, haongei. Kufua ilikuwa kazi yangu. Nilipoinua ile suruali ya kijivu kutoka kwenye karai, magoti yote mawili yalikuwa yamekwisha. Haikuwa imechanika. Kitambaa kilikuwa kimesagika uzi kwa uzi, na nilipotia mkono ndani nikakiona kiganja changu.

Maneno yalimtoka usiku, kidogo kidogo. Wakubwa waliwapigisha mamono, yaani wale wa Kidato cha Kwanza, magoti baada ya masomo ya jioni, wapime uwanja wa basketiboli kwa njiti ya kiberiti. Ukikosea hesabu unaanza upya. Mkate wake wa asubuhi ulikuwa na mwenyewe, mmoja wa wakubwa. Taa zikikaribia kuzimwa anapewa kiatu, anaambiwa apige simu nyumbani, bweni zima lisikie anavyomwambia mama kwamba shule ni nzuri.

Mama akaenda shuleni. Naibu wa mwalimu mkuu alimwambia kwamba wavulana hukomaa hivyo, na kwamba tangu serikali ipige marufuku viboko mwaka wa 2001, wao wamefungwa mikono. Akarudi na matatu ya Jogoo Road, hakutueleza mengi. Akaikunja ile suruali, akaitia kwenye kiondo.

Jumapili chama kilikutana katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni. Nilikuwa nimekwenda kusaidia chai. Pesa zilipokwisha kuhesabiwa, Mama akasimama. Mdogo wangu hakumleta, wala hakumtaja mwanafunzi mkubwa yeyote kwa jina. Aliitoa tu suruali, akamkabidhi jirani wa kulia. "Niliinunua mwezi wa kwanza," akasema. "Mpya."

Ikaanza kupita mkono kwa mkono. Wale ni wanawake wanaojua kitambaa. Fundi cherehani wetu aliigeuza nje ndani, akaupima mshono kwa kucha, akasema mshono ni mzima, kwa hivyo hii si kazi mbovu. Mwingine aliinusa. Ukumbi ulizidi kutulia kila ilipofika kwa mtu. Ikamfikia mama anayekaanga samaki, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana. Akapitisha vidole vinne kwenye tundu la goti, vikatokea upande wa pili. Akavitazama. Kisha akageuka kuangalia mlangoni, alikosimama kifungua mimba wake na karai la samaki alilomletea mamake. Alikuwa Kidato cha Nne, shule hiyo hiyo, naye yuko likizo.

"Wewe uko bweni gani?"

Akalitaja. Lilikuwa la mdogo wangu.

"Na hii ni nini?"

Kijana aliliweka karai chini. "Mama, hata sisi tulipimishwa."

"Lini?"

"Nikiwa Kidato cha Kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilidhani atampiga. Wote tulidhani. Yule mama aliishika suruali mapajani, akailainisha magoti kwa kiganja, mara hii na mara hii, kama anayepiga pasi, wala hakumpitishia aliyefuata. Midomo ilimcheza. Baada ya muda mrefu akamwambia mwanawe njoo ukae, na akina mama wakasogea kwenye benchi wakampa nafasi katikati yao. Lijana lirefu, ndevu zimeanza, likakaa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Watoto wote wa mtaa waliokuwa shule ile walipangwa: kila mdogo ana mkubwa wake wa kukaa naye mezani. Siku za kutembelewa akina mama walikwenda pamoja, na kila mtoto aliulizwa kando, peke yake, na mama asiyekuwa wake. Yule kijana wa samaki ndiye aliyekuwa akimlinda mdogo wangu mkate wake. Hawajaachana hadi leo.

Ila kuna jambo ambalo mdogo wangu hulirudia. Kitanda cha juu yake alilala mvulana aliyetoka mbali, hakuwa na mtu wa kwao pale. Wakubwa waliponyimwa magoti ya watoto wa kwetu, wakamzidishia yeye. Muhula wa pili hakurudi. Chama kilituokoa sisi, na sijui kama tulipaswa kuridhika.

Siku hizi kuna sheria. Ile ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kupigwa au kuteswa kiakili, na 116 ya kusaidia watoto inapigwa bure, usiku na mchana. Nimemkaririsha kijana wangu namba hiyo. Lakini simu haziruhusiwi bwenini, na kule aendako yeye ndiye atakayekuwa mtoto wa kitanda cha juu. Kwa hivyo nimeanza kuwatafuta wazazi wenye watoto kule. Mkutano wa kwanza, kabla hatujafika kwenye pesa za basi, nitasimama niulize watoto waliotoka mbali wanakaa meza moja na nani.