Mangi baharini

Vuli ikishaanza, sisi tunaokula kwa kupandisha watu Mlima Kilimanjaro hubaki Moshi mjini tukipiga soga na kuulizana nani ana kundi la Desemba. Msituni mvua haikatiki, njia zinateleza, wageni wanapungua. Mwaka huu nikasema basi, safari hii mgeni niwe mimi. Mke wangu ni mtu wa Tanga, na kwa miaka ananikumbusha kwamba yeye ameshaletwa kuonyeshwa theluji, ila mimi sijawahi kulala chomboni. Tukapanda basi alfajiri: Same, Mombo, Korogwe, Chalinze. Tukalala Dar es Salaam, kesho yake tukateremka Nyamisati, na kutoka hapo kivuko mpaka Kilindoni, kisiwani Mafia. Njiani sina la kusimulia. Basi ni basi.

Watu wa huku wakisikia likizo ya visiwani akili inakwenda Zanzibar moja kwa moja. Siwalaumu, lakini kwa mtu anayetaka matumbawe na utulivu, Mafia ndiko. Upande wa mashariki kuna ghuba ya Chole, na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo vimeikinga na bahari kuu. Kote huko ni hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822. Kiingilio unalipa kama tunavyolipa sisi getini Machame: mwananchi bei yake, mgeni wa nje bei yake. Nilipopewa risiti nilijiona niko kazini.

Chombo chetu kilikuwa mashua ya tanga moja, na mashine ndogo nyuma ambayo niliiona ikiwashwa kwa nadra mno. Nahodha ni mzee wa Jibondo, kisiwa cha mafundi wa vyombo, na alikuwa na kijana mmoja wa kufua maji yanayoingia chomboni na kushika kamba.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Wageni mmetokea wapi?"

"Moshi."

"Aaa, Mangi!" Na tangu hapo jina langu lilikuwa hilo, cheo cha machifu wa Kichagga. Mke wangu aliitwa mama, kwa heshima zote.

Asubuhi ya kwanza nikauliza swali ambalo wateja wangu huniuliza kila siku na kila siku linanikera kidogo: tutafika saa ngapi? Mzee akatazama maji, akatazama juu, akasema, "Maji yakijaa." Jibu hilo nalijua. Ni ndugu wa "pole pole tutafika" ninayowapa Wajerumani pale Shira, kambini mlimani. Nikanyamaza, lakini kimoyomoyo nikawa nataka saa, nataka ramani, nataka kujua chakula cha mchana kitaliwa wapi. Kumbe ndivyo wanavyojisikia.

Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, nilikuja kuelewa baadaye. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Palipokuwa njia ya chombo asubuhi, mchana akina mama wanatembea kwa miguu wakiokota pweza. Ratiba ya kuandika kwenye karatasi kule haina kazi, labda uwe unaiandika upya kila jioni.

Halafu upepo. Tulikwenda wakati wa maleleji, kusi imeshachoka na kaskazi haijashika. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi kwenye Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na hizo mbili ndizo zilizokuwa zikileta majahazi ya Uarabuni na India na kuyarudisha kwao. Katikati hapo upepo ni wa kubahatisha. Siku moja tulitoka tukielekea fungu la Mange, ule mchanga unaoibuka katikati ya bahari maji yakipwa. Kabla ya saa nne tanga likafa. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inalalamika, tanga linaning'inia, jua linachoma. Mlimani kundi likichelewa nina la kufanya: nawapunguzia watu mizigo, nabadilisha mwendo, naimbisha. Pale nilikaa tezini, nyuma ya chombo, na mikono yangu miwili haina kazi. Nikamwambia mzee, "Tuwashe mashine, nahodha?" Akasema mafuta ni ya dharura, na hii si dharura, hii ni shwari.

Na hapo ndipo tumbo liliponigeuka. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, nimesimama mara ambazo sizihesabu tena, kichwa kizima. Kwenye usawa wa bahari, chombo kikitikisika kama kibuyu, nikatapika. Mke wangu alicheka mpaka akashika mlingoti. Kijana akanipa kipande cha ndimu, akaniambia nitazame nchi kavu kwa mbali nisitazame maji. Nimewashauri mamia ya watu kuhusu kichefuchefu cha mlimani, na sikuwahi kushauriwa kwa upole kiasi kile.

Mzee akatia nanga kando ya mwamba, pembeni palipo na mchanga ili asivunje kitu, akasema ingieni. Miwani, mrija, mapezi. Kwa yale niliyoyaona chini nitasema machache, maana kila anayerudi kutoka baharini anaanza kuorodhesha rangi. Kilichonishangaza mimi ni kelele. Kule chini kunasikika mlio wa kukatakata usioisha, sehemu yake ni samaki wanaotafuna mwamba kwa meno. Pono ndiye bingwa: anakwangua tumbawe, anameza, anatoa mchanga safi nyuma yake. Mchanga mweupe ambao watu wanapigia picha za arusi, sehemu yake imepitia tumboni mwa samaki. Nilipomweleza mke wangu alisema Tanga hilo linajulikana kitambo.

Mahali pengine matumbawe yalikuwa vifusi, matawi yaliyovunjika na kuota utando wa kijani. Nikamuuliza mzee kama ni baruti. Akasema baruti imeumiza sehemu nyingi za pwani yetu, lakini alichokiona yeye kwa macho ni joto la 1998, mwaka wa El Niño. Tumbawe ni mkusanyiko wa vinyama vidogo vinavyofuga mwani ndani ya miili yao. Mwani huo ndio unaovilisha na kuvipa rangi. Maji yakikaa na joto kupita kiasi kwa muda mrefu, vinyama vinautoa mwani nje, tumbawe linabaki jeupe, na joto lisipopoa linakufa. Mzee alinyoosha kidole: kutoka pale mpaka pale, lote lilikuwa jeupe. Mimi huwanyooshea wageni kidole vilevile kuhusu barafu ya Kibo, kileleni, inavyozidi kupungua. Sikumwambia.

Juani tulishuka kutazama magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini kijana alikuwa na hadithi ya zamani zaidi. Watu wa Kua waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, waje kulishusha majini. Walipofika, wakawakamata baadhi yao, wakawalaza njiani, jahazi likapitishwa juu yao. Watu wa Kisimani hawakusema kitu. Miaka ikapita, wakachimba chumba chini ya ardhi, wakawaalika watu wa Kua arusini, na wakati wageni wanakula ndani mlango ukazibwa kwa mawe. Kijana aliisimulia kana kwamba shangazi yake alikuwa jikoni siku hiyo. Popo wakubwa wa Chole na potwe, yule papa mkubwa, tuliyemkuta karibu na Kilindoni nitawaandika siku nyingine. Picha za potwe zipo, zote ni za mkia.

Siku ya kuagana nikatoa tipu. Kwetu jambo hili lina bahasha, orodha, hotuba, na mara nyingi ugomvi wa kimyakimya nyuma ya gari. Mzee alizipokea, akakaa juu ya ubao, akazigawa mbele yetu mafungu matatu sawasawa: lake, la kijana, la chombo. La chombo ni la kalafati ya kuziba mianya ya mbao, kamba na tanga. Kijana hakuhesabu hata mara moja.

Nimeuliza kwenye kundi letu la WhatsApp la wagumu, yaani sisi wa kazi ya mlimani: mlimani fungu la chombo litakuwa la nini? Mpishi anasema hema la jikoni. Mwingine anasema viatu vya wapagazi wapya. Tangu jana wanabishana, na kundi la Machame linaingia wiki ijayo.